Karatasi Inapokwama: Somo la Utunzaji wa Printa katika Ofisi ya Chama



Somo letu la safari hii linahusu printa, yaani ile mashine inayopokea maandishi kutoka kwenye kompyuta na kuyatia kwenye karatasi. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni dogo mno kupewa nafasi katika kurasa za elimu ya ushirika, na kwamba lawahusu mafundi wa mjini peke yao. Sivyo. Siku hizi taarifa za vyama hupelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya kompyuta, katika mfumo uitwao MUVU. Lakini mkulima wa Nkoaranga au wa King'ori hasomi hesabu yake kwenye kompyuta ya chama. Yeye husoma karatasi iliyobandikwa ubaoni, na hushika stakabadhi mkononi mwake. Mashine ya kutolea karatasi hizo ikigoma, kazi ya chama husimama na minong'ono huanza.

Tuchukue mfano. Chama kimoja cha mazao kilichapa orodha ya malipo ya pili yenye kurasa 12. Katikati ya kazi karatasi ikakwama. Karani akaifungua mashine, akaing'oa karatasi ikiwa imekunjamana, akaitupa kapuni, na mashine ikaendelea na ukurasa uliofuata. Orodha ikabandikwa ubaoni bila kuhesabiwa. Ukurasa wa 7 haukuwamo. Wakulima 38 ambao majina yao yaliandikwa kwenye ukurasa huo walifika, wakasoma toka juu mpaka chini, wasijione. Fedha zao zilikuwapo benki, wala hapakuwa na mtu aliyezigusa. Hata hivyo ilibidi ifanyike mikutano miwili ya kuwatuliza, na wakati huo baadhi yao walikuwa wamekwisha kupeleka kahawa yao kwa walanguzi kwa kukosa imani na chama chao.

Kwa mfano huu tunaona kwamba karatasi ikikwama, vitu viwili hukwama pamoja, yaani mashine na hesabu. Fundi aweza kuikwamua mashine. Hesabu haina fundi mwingine ila katibu mwenyewe. Somo hili linafundisha jinsi ya kuvikwamua vyote viwili, na jinsi ya kufanya hivyo bila kutumia fedha za wanachama pasipo sababu.

1. Printa huvutaje karatasi?

Kabla ya kutafuta ugonjwa, hapana budi kufahamu jinsi mwili unavyofanya kazi. Printa haina vidole vya kushikia karatasi. Huvuta karatasi kwa msuguano tu, kama vile karani anayehesabu noti. Karani hulowanisha kidole gumba kwenye sponji, akasukuma noti ya juu, nayo ikatoka peke yake huku ile ya chini ikibaki. Kidole kikiwa kikavu au chenye vumbi, hukwaruza tu na noti haiendi. Noti zikiwa na unyevu na zikashikana, hutoka mbili kwa pamoja, na hapo hesabu huharibika.

Katika printa, kidole gumba ni rola ya mpira iliyopo juu ya trei ya karatasi. Chini yake, au mbele yake, pana kipande kidogo cha mpira au koki kiitwacho pedi ya kutenganishia. Katika mashine nyingine mahali pa pedi huwekwa rola ya pili. Kazi ya rola ni kuivuta karatasi ya juu. Kazi ya pedi ni kuizuia karatasi ya pili isifuate. Ili mambo yaende sawa ni lazima nguvu tatu zifuatane kwa daraja. Rola iishike karatasi kwa nguvu kuliko pedi, na pedi nayo iishike karatasi kwa nguvu kuliko karatasi zinavyoshikana zenyewe kwa zenyewe. Daraja hii ikivurugika, printa ama haivuti kabisa, ama huvuta mbili mbili.

Karatasi ikishavutwa, husafiri kwa rola nyingine ndogo ndogo kupita penye katriji ya wino. Katika printa za leza, ambazo hutumia wino wa unga, karatasi hupita pia katikati ya rola mbili za moto zinazouyeyusha unga huo ili ushike. Njiani pana vidole vidogo vya plastiki. Karatasi inapopita hukilaza kidole, na ikimaliza kupita kidole huinuka. Hivyo ndivyo mashine inavyojua karatasi imefika wapi. Kidole kisipolala au kisipoinuka kwa wakati wake, mashine husimama na kutangaza kwamba karatasi imekwama.

Kwa hiyo, penye ugonjwa wa kuvuta karatasi, mtuhumiwa ni mmoja kati ya watatu: karatasi yenyewe, mpira wa kuivutia, au njia inayopitia. Yafaa kuwachunguza kwa utaratibu huo huo, kwa kuwa kuchunguza karatasi hakugharimu kitu, kusafisha mpira kunagharimu kitambaa na maji, na njia ndiyo inayoweza kumhitaji fundi.

2. Karatasi yenyewe

Makatibu wengi huilaumu mashine hali kosa li katika karatasi. Karatasi hunywa unyevu kutoka hewani kama chumvi inavyofanya. Katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, na katika baridi na ukungu wa Juni na Julai, ofisi zilizopo juu mlimani, kama vile sehemu za Akheri na Poli, hupata unyevu mwingi. Rimu iliyofunguliwa na kuachwa juu ya sakafu ya saruji hunywa unyevu huo usiku kucha. Karatasi zake hulegea, hushikana, na kingo zake hujikunja. Zikipita kwenye rola za moto hujikunja zaidi.

Wakati wa kiangazi adui hubadilika. Upande wa Oldonyosambu, na kule chini Kikwe na Mbuguni, vumbi laini la udongo wa volkano huingia kila mahali. Hutua juu ya karatasi iliyo wazi katika trei, na kutoka hapo huingia katika mpira wa rola. Ofisi iliyo ukuta mmoja na ghala la mazao hupata vumbi la ghala juu ya lile la njiani.

Mambo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Rimu isifunguliwe mpaka siku ya kutumiwa. Ile karatasi ngumu inayoizingira imewekwa makusudi ili kuzuia unyevu. Rimu iliyokwisha kufunguliwa ifungwe katika mfuko wa nailoni na kuwekwa kabatini au juu ya ubao, kamwe isiwekwe sakafuni.

(b) Trei isijazwe kupita alama yake. Karatasi zinazozidi alama huibana rola isizunguke vema.

(c) Kabla ya kuzitia, karatasi zishikwe kwa mikono miwili, zipepetwe kingo kwa kidole gumba kama mtu anayepekua kitabu, kisha zigongwe mezani mpaka kingo ziwe sawa.

(d) Vile vizuizi viwili vya plastiki vilivyo pembeni mwa trei visogezwe hadi viguse karatasi bila kuikunja. Vikiwa mbali, karatasi huingia upande upande. Vikibana, haiingii.

(e) Karatasi yenye pini, yenye alama ya pini, iliyokunjwa au iliyochanika isitiwe kwenye printa. Tunatambua kwamba vyama hupenda kutumia upande wa pili wa karatasi ili kubana matumizi. Nia hiyo ni njema, lakini karatasi hizo zitumike kwa kuandikia kwa mkono. Pini moja ikiingia ndani yaweza kuchana rola yenye thamani kubwa kuliko rimu nyingi.

Aidha, mnunuzi aangalie uzito wa karatasi. Karatasi ya kawaida ya ofisi ni ya ukubwa wa A4, yaani milimita 210 kwa 297, na huandikwa gramu 80. Maana yake ni kwamba mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80. Karatasi 16 za A4 hufanya mita moja ya mraba, hivyo karatasi moja ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 haina budi kukaribia kilo mbili na nusu. Katoni ya rimu tano ni kilo 12 na nusu, ukiacha uzito wa boksi. Chama cha mazao hakikosi mzani. Ikiwa katoni iliyoandikwa gramu 80 inaonyesha kilo 11 tu, basi ama karatasi ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa, ama zimepungua idadi. Karatasi nyembamba sana hulegea, hukunjamana upesi, na huvutwa mbili mbili. Katibu anayepima kahawa ya mkulima mpaka robo kilo hana sababu ya kupokea karatasi za chama kwa macho tu.

3. Kuutambua ugonjwa kwa dalili zake

Mganga mwema huuliza kabla ya kutibu. Tazama karatasi imesimama wapi na imesimama vipi, kisha soma dalili hizi.

Dalili ya kwanza: mashine yazunguka, lakini karatasi haitoki kwenye trei. Jaribu kwanza karatasi 20 kutoka rimu mpya. Zikivutwa vizuri, kosa lilikuwa katika karatasi za zamani. Zisipovutwa, rola imechafuka au imezeeka. Mpira uliozeeka hung'aa na huwa mgumu kama kwato.

Dalili ya pili: karatasi zatoka mbili au tatu kwa pamoja. Hapa ama karatasi zina unyevu, ama pedi ya kutenganishia imelika. Pedi iliyolika huonyesha bonde katikati, mahali ambapo rola imekuwa ikisugua.

Dalili ya tatu: karatasi yaingia upande upande, na maandishi yatoka yamelala. Rekebisha vizuizi vya trei. Tatizo likiendelea, angalia kama rola imechafuka upande mmoja, au kama kipande cha karatasi kimebaki upande mmoja wa njia.

Dalili ya nne: karatasi yakwama mwishoni, karibu na mahali pa kutokea, nayo huwa imekunjwa kama feni. Mara nyingi ni unyevu au wembamba wa karatasi katika rola za moto. Geuza karatasi katika trei, upande wa chini uwe juu, ujaribu tena. Karatasi iliyojikunja upande mmoja huweza kunyooka upande wa pili. Ikishindikana na karatasi mpya, hapo ni kazi ya fundi.

Dalili ya tano: mashine yasema karatasi imekwama, nawe ukiifungua huoni kitu. Tafuta kipande kidogo kilichochanika, ambacho huenda hakizidi ukucha, kilichokilaza kimoja cha vile vidole vya plastiki. Tumia tochi. Mende na mijusi nao hupenda joto la mashine, na huweza kulaza kidole hicho vilevile.

Dalili ya sita: trei imejaa, lakini mashine yaomba karatasi. Hapa mara nyingi mashine haina ugonjwa wowote. Programu nyingi za kompyuta zimetengenezwa Marekani, ambako karatasi ya ofisi huitwa Letter nayo ina milimita 216 kwa 279. Kama waraka wako umepangwa kwa ukubwa huo na trei ina A4, mashine husimama na kungoja karatasi isiyopatikana ofisini mwako. Badilisha mpango wa ukurasa katika kompyuta uwe A4, na kazi itaendelea.

Kanuni ya kushika katika uchunguzi wote huu ni kwamba ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha karatasi, ukasafisha rola na ukasogeza vizuizi kwa mkupuo, mashine ikapona, hutajua kilichoiponya, na mwezi ujao utaanza upya.

4. Kuitoa karatasi iliyokwama

Haraka haraka haina baraka, na hapa ndipo methali hiyo hudhihirika. Mashine nyingi huumizwa na mkono unaotoa karatasi kwa hasira, hata kuliko karatasi yenyewe.

Kwanza, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Katika printa ya leza, acha dakika kadhaa ipoe, kwa kuwa rola za moto zaweza kukaribia nyuzi 200 za joto. Pili, toa trei, fungua mlango, na toa katriji kwa uangalifu. Iweke juu ya meza na uifunike kwa kitambaa au gazeti, kwa maana ile ngoma yake inayong'aa huharibiwa na mwanga wa jua na alama za vidole. Tatu, shika karatasi kwa mikono miwili, pande zote mbili, uivute taratibu kufuata mwelekeo inaokwenda. Ukiivuta kinyume waweza kuvunja vile vidole vya plastiki. Usitumie kisu, bisibisi wala mkasi.

Nne, iandae karatasi uliyoitoa juu ya meza na uipatanishe. Kama pembe moja haipo, pembe hiyo ingali ndani. Usiifunge mashine mpaka uipate.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, karatasi hubaki njiani. Katibu asiwashe mashine mara umeme urudipo kabla ya kuifungua na kutazama.

5. Kukwamua hesabu

Sasa tumefika kwenye sehemu ambayo fundi hatakufundisha. Baada ya kuikwamua mashine, katibu ana wajibu wa mambo manne.

Jambo la kwanza ni kuhesabu kurasa. Mashine nyingine, zikikwamuliwa, hurudia ukurasa ulioharibika. Nyingine huuruka. Nyingine huutoa mara mbili. Wewe hujui yako itafanya nini siku hiyo. Kwa sababu hiyo kila waraka wenye kurasa zaidi ya moja uandikwe “Ukurasa wa 7 kati ya 12” chini ya kila ukurasa, na kurasa zihesabiwe kabla ya kutiwa sahihi au kubandikwa.

Jambo la pili ni kuangalia ukurasa uliotoka mara mbili. Ukurasa uliokosekana huzua manung'uniko. Ukurasa uliozidi huweza kuzua wizi. Orodha ya malipo ikitoka ikiwa na ukurasa wa 5 mara mbili, na yote miwili ikapelekwa mezani kwa mlipaji, mtu asiye mwaminifu ana mahali pa kutia sahihi mara ya pili. Ukurasa wa ziada upigwe mistari miwili ya kukata, uandikwe neno BATILI, utiwe sahihi ya katibu, na uambatishwe kwenye faili.

Jambo la tatu linahusu stakabadhi na hati zenye namba za mfululizo. Hati yenye namba ikikwama na kuchanika, isitupwe. Hata ikiwa vipande vitatu, ibandikwe juu ya karatasi nzima, iandikwe BATILI pamoja na tarehe na sababu, kisha ihifadhiwe mahali pake katika mfululizo. Mkaguzi, awe wa ndani au wa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO), akikuta namba 214 na 216 bila ya 215, hataulizia habari za printa. Atauliza fedha za namba 215 ziko wapi. Stakabadhi iliyochanika ndiyo shahidi wako. Ukiitupa, umemtupa shahidi.

Jambo la nne ni kulinganisha jumla. Jumla iliyopo mwisho wa orodha iliyochapwa ilinganishwe na jumla iliyopo katika kompyuta, na pia na jumla ya kurasa moja moja. Kazi hii ni ya dakika chache kwa mwenye mashine ya kuhesabia, nayo ingewaokoa wale wakulima 38 na masumbuko yao.

6. Kusafisha rola na pedi

Mpira wa rola husafishwa kwa kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kilicholowanishwa kwa maji safi na kukamuliwa vizuri. Futa huku ukiizungusha rola kwa mkono mpaka kitambaa kisipate uchafu tena. Fanya vivyo hivyo kwa pedi. Acha vikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme.

Petroli, mafuta ya taa na tina visitumike kamwe, maana huuvimbisha na kuuozesha mpira. Mafuta ya kulainishia pia yasitiwe. Kazi ya rola ni kushika, nayo haiwezi kushika ikiwa na utelezi. Wapo wanaoisugua rola kwa msasa. Huvuta kwa siku chache, kisha huwa mbaya kuliko mwanzo, kwa kuwa umepunguza unene wa mpira.

Usafi huu ufanywe mara moja kwa mwezi, na kila juma katika miezi ya vumbi. Kila jioni mashine ifunikwe kwa kitambaa baada ya kupoa. Karatasi zilizobaki katika trei zitolewe siku za mwisho wa juma na kufungwa katika mfuko.

Vyama vinavyotumia printa ya utepe, ile inayogonga kwa pini na kuvuta karatasi ndefu zenye matundu pembeni, viangalie kwanza mkono wa kuchagulia aina ya karatasi. Mkono ukiwekwa kwenye karatasi moja moja hali karatasi iliyopo ni ya matundu, rola na meno huvutana, na matundu huchanika. Hakikisha pia kwamba boksi la karatasi limewekwa moja kwa moja nyuma ya mashine, ili karatasi isipande ikiwa imelala upande.

7. Fundi, kipuri na printa mpya

Ikiwa karatasi mpya, usafi na marekebisho havikusaidia, aitwe fundi. Lakini katibu amweleze dalili, karatasi inakwama mahali gani, mara ngapi katika karatasi mia, na yale yaliyokwisha kujaribiwa. Fundi aliyeelezwa hivyo hatakuwa na nafasi ya kubahatisha kwa fedha za chama.

Rola na pedi ni vipuri vinavyolika kwa asili yake, kama vile tairi za gari. Katika printa nyingi za ofisi huweza kubadilishwa peke yake. Kwa hiyo fundi au muuzaji akisema kwamba mashine nzima imekufa kwa sababu haivuti karatasi, bodi ina haki ya kuuliza maswali matatu. Je, rola na pedi zimejaribiwa kubadilishwa? Je, bei ya vipuri hivyo ni kiasi gani kwa wauzaji mbalimbali wa Arusha mjini? Je, mashine yaandika vizuri pale karatasi inaposaidiwa kuingia kwa mkono? Kama yaandika vizuri, moyo wake ni mzima, na kilichochoka ni kidole tu.

Kipuri kikibadilishwa, kile cha zamani kirudishwe ofisini pamoja na stakabadhi ya fundi. Printa mpya isinunuliwe kwa uamuzi wa mtu mmoja. Ni mali ya wanachama, na iamuliwe kwenye bodi kwa kufuata utaratibu wa manunuzi wa chama na bajeti iliyopitishwa na mkutano mkuu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kiwe na daftari dogo la mashine lenye safu tano: tarehe, dalili, sababu iliyoonekana, hatua iliyochukuliwa, na gharama. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litaieleza bodi, bila ubishi, kama mashine imechoka kweli au kama ofisi inanunua karatasi mbovu.

8. Mashine ikisimama, haki haisimami

Hatimaye, ndugu wanaushirika, kuna neno moja la kusisitiza. Haki ya mwanachama ya kuona hesabu yake haitokani na printa. Vyama vya ushirika nchini mwetu viliendeshwa kwa miongo mingi kwa kalamu, karatasi ya kaboni na mashine ya kudurufu, na wakulima walilipwa. Sababu ya kwamba “printa ni mbovu” yaweza kukubaliwa kwa saa chache, labda siku moja. Ikifika juma zima, yaacha kuwa sababu, yawa kisingizio, na mwanachama ana haki ya kuuliza kinachofichwa.

Kwa hiyo kila ofisi iwe na kitabu cha stakabadhi za mkono chenye namba, karatasi za kaboni, na madaftari yenye mistari. Mashine ikigoma siku ya malipo, orodha iandikwe kwa mkono katika nakala mbili, itiwe sahihi na katibu pamoja na mjumbe mmoja wa bodi, na ibandikwe siku hiyo hiyo. Mashine ikipona, orodha ichapwe na kulinganishwa na ile ya mkono, na zote mbili zihifadhiwe.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini printa huvuta karatasi mbili mbili? Taja sababu mbili, na ueleze utakavyozitofautisha.

2. Katibu ameona kwamba printa yadai karatasi hali trei imejaa. Aangalie nini kwanza?

3. Orodha yenye kurasa 12 imetoka ikiwa na kurasa 13. Ni hatari gani iliyopo, na katibu afanye nini?

4. Stakabadhi namba 215 imechanika ndani ya mashine. Elezeni hatua kwa hatua jinsi itakavyohifadhiwa.

5. Muuzaji asema printa ya chama haifai tena, inunuliwe mpya. Kama ninyi ndio bodi, mtamwuliza nini?

6. Orodha ya malipo imechelewa siku tisa kwa sababu ya printa. Wanachama wafanye nini, na katibu alipaswa kufanya nini?

Kazi ya kufanya kabla ya somo lijalo: kila katibu apime katoni moja ya karatasi kwenye mzani wa chama chake, aandike uzito wake, na afungue ukurasa wa kwanza wa daftari la mashine. Wajumbe wa kamati ya usimamizi waombe kuliona daftari hilo katika kikao chao kijacho.